Kompyuta na konsoli za michezo ya video

Kompyuta na konsoli za michezo ya video ni aina mbili kuu za mashine zinazotumika kuchezea michezo ya video, ambayo mitaani huitwa gemu, kwenye skrini kubwa. Konsoli, kama vile PlayStation, Xbox na Nintendo Switch, ni mashine iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya michezo na kwa kawaida huunganishwa na televisheni. Kompyuta ni mashine ya kazi nyingi, na michezo ni moja tu kati ya matumizi yake.

Katika nchi tajiri uchaguzi kati ya mashine hizi hujadiliwa zaidi kwa kulinganisha nguvu zake na ubora wa picha. Katika miji ya Afrika ya Mashariki, mathalani katika kata ya Pasua iliyoko upande wa kusini wa mji wa Moshi nchini Tanzania, maswali ya kwanza ni mengine: gharama ya mashine itarudi vipi, itatumiwa na watu wangapi, umeme ukikatika itakuwaje, na mchezo utapatikana kwa diski au kwa bando la intaneti. Kwa sababu hizo konsoli imezoeleka kama mashine ya biashara katika mabanda ya gemu, na kompyuta kama mashine ya kazi na masomo ambayo huchezewa kazi ikiisha.

Istilahi

Neno "konsoli" hutumika zaidi katika maandishi. Katika mazungumzo ya kila siku Watanzania wengi husema "PS" au "pleistesheni" hata wanapozungumzia konsoli ya kampuni nyingine. Kifaa cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili huitwa "padi". Mahali pa kulipia na kucheza huitwa "banda la gemu". Jina hilo linafanana na "kibanda umiza", yaani kibanda cha kutazamia filamu na mechi za mpira kwa kiingilio kidogo, na biashara zote mbili hufuata mantiki moja: skrini moja inalipiwa na watu wengi.

Kompyuta zinazochezewa ni za aina mbili: kompyuta ya mezani, ambayo sehemu zake zinaweza kubadilishwa moja moja, na kompyuta mpakato (laptopu), ambayo ina betri na skrini yake yenyewe.

Historia

Konsoli ya kwanza ya nyumbani, Magnavox Odyssey, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972. Konsoli ya namna hiyo haikuwa na matumizi mahali pasipo na televisheni. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kompyuta nazo zilichelewa: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na milango ilifunguka taratibu baada ya uchumi kulegezwa katika miaka ya 1980 na 1990. Hivyo mashine zote mbili zilifika katika nyumba za kawaida karibu kipindi kimoja.

Konsoli za mwanzo zilizoenea Afrika ya Mashariki zilikuwa nakala za bei nafuu za Famicom, mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Zilitumia kaseti za plastiki zenye michezo mingi kwa pamoja. Baadaye ilikuja PlayStation ya kampuni ya Sony (Japani, Desemba 1994) na PlayStation 2 (Machi 2000). PlayStation 2 ndiyo konsoli iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 155. Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, lakini mashine zilizokwisha kuuzwa ziliendelea kutumika kwa miaka mingi. Zilifuatwa na PlayStation 3 (2006), PlayStation 4 (2013) na PlayStation 5 (2020). Xbox ya kampuni ya Microsoft ilitoka mwaka 2001.

Kwa upande wa kompyuta, migahawa ya intaneti ndiyo iliyowapa vijana wengi wa mijini nafasi ya kwanza ya kugusa kibodi na kipanya. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009 intaneti ilianza kuwa ya kasi zaidi. Simu janja zilipoenea watu wengi waliacha kwenda kwenye migahawa hiyo, na kompyuta ikabaki zaidi maofisini, vyuoni, katika vibanda vya uchapaji na nyumbani.

Tofauti za msingi

Konsoli za toleo moja hufanana. Mtengenezaji wa mchezo anajua vifaa vilivyomo ndani, hivyo mchezo wenye alama ya PlayStation 4 utacheza katika PlayStation 4 yoyote bila mnunuzi kuuliza habari za kichakataji au kumbukumbu. Mtu asiyejua kompyuta anaweza kuwasha, kuingiza diski na kuanza kucheza.

Kompyuta hazifanani. Mchezo mmoja unaweza kwenda vizuri katika mashine moja na kugoma katika nyingine. Kinachoamua zaidi ni kadi ya michoro. Kompyuta mpakato nyingi za ofisi zilizotumika, ambazo huuzwa kwa wingi katika maduka ya Tanzania, hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Picha hutengenezwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya kichakataji. Mashine ya namna hiyo hucheza bila shida michezo ya zamani kama Grand Theft Auto: San Andreas au Pro Evolution Soccer 2013, lakini hulemewa na michezo mipya. RAM na diski ya SSD zinaweza kuongezwa katika laptopu nyingi, ila kadi ya michoro kwa kawaida haiwezi kuongezwa baadaye. Anayenunua laptopu kwa ajili ya michezo mizito hulazimika kuhakikisha kadi hiyo imo tangu siku ya kwanza.

Katika kompyuta ya mezani mambo ni tofauti: kadi ya michoro huchomekwa kwenye ubao mkuu na inaweza kubadilishwa. Hata hivyo kadi kubwa huhitaji pia kigeuza umeme chenye nguvu ya kutosha na nafasi ndani ya kasha. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi hazina vyote viwili.

Konsoli katika mabanda ya gemu

Banda la gemu huwa chumba kimoja cha duka chenye televisheni, konsoli na mabenchi. Mchezaji hulipa kwa mechi au kwa muda. Katika michezo ya mpira wa miguu desturi iliyozoeleka ni mshindi kubaki na aliyefungwa kupisha, jambo linalofanya foleni iende na fedha izunguke.

Konsoli inafaa biashara hii kwa sababu nne. Kwanza, wachezaji wawili hukaa mbele ya skrini moja, kila mmoja na padi yake, hivyo mashine moja hupokea malipo ya watu wawili. Pili, mechi ina mwisho unaojulikana, na ni rahisi kuitoza. Tatu, konsoli haina kazi nyingine: mteja hawezi kufuta mafaili ya mwenye banda wala kuingiza virusi kwa kijiti cha kumbukumbu. Nne, mchezo wa mpira hauhitaji maelezo. Anayefuata ligi ya Uingereza kwenye kibanda umiza anaijua timu anayoichagua.

Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba mechi moja ni shilingi 300 na huchukua dakika 10, konsoli yenye wateja kwa saa 6 kwa siku hufanya mechi 36, yaani shilingi 10,800. Kutoka humo hulipwa kodi ya chumba, umeme, padi zinazochakaa, leseni na mshahara wa msimamizi. Hesabu hiyo hubadilika haraka umeme ukikatika jioni, kwa sababu jioni ndipo wateja wengi hutoka kazini na shuleni.

Toleo la konsoli huamua pia mchezo wa mwisho utakaopatikana. FIFA 14 ndiyo ya mwisho katika mfululizo wa FIFA kutolewa kwa PlayStation 2, na FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwa PlayStation 3. Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami ilikoma kwenye PlayStation 3 kwa toleo la 2018. Baada ya FIFA 23 kampuni ya EA Sports iliacha jina la FIFA, na mwaka 2023 ikatoa EA Sports FC 24, ambayo ilitolewa pia kwa PlayStation 4. Kwa mwenye banda hili si jambo dogo, maana mteja hutaka kumwona mchezaji aliyehama akiwa na jezi ya timu mpya. Banda lenye mashine ya zamani hushindana kwa bei, si kwa upya wa michezo.

Kompyuta nyumbani na chuoni

Nyumbani hesabu hugeuka. Konsoli inayochezwa na watoto wawili wa nyumba moja hairudishi gharama yake, ilhali kompyuta inaweza kuandika barua ya maombi ya kazi, kutunza hesabu za duka, kusomea na kuhifadhi picha. Moshi ni mji wenye vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na mwanafunzi anayenunua mashine moja tu kwa miaka mitatu ya masomo mara nyingi hununua laptopu, kisha huchezea hiyo hiyo.

Kompyuta ndiyo pia mashine ya kutengenezea michezo. Programu kama Blender na Godot hupatikana bure, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kujifunza kuzitumia. Kutengeneza mchezo wa konsoli huhitaji kibali na vifaa maalumu kutoka kwa kampuni inayomiliki konsoli hiyo. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2007, na baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts.

Faida nyingine ya kompyuta ni uhuru wa kurekebisha mchezo. Ligi Kuu ya Tanzania haimo katika michezo ya FIFA, hivyo mwenye konsoli hawezi kuzikuta Simba na Yanga zikiwa na wachezaji wao. Katika kompyuta, mashabiki huweza kuingiza jezi, majina na nembo kwa kubadilisha mafaili ya mchezo.

Umeme

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Konsoli za zamani zilizoletwa kutoka Japani au Marekani zilitengenezwa kwa volti 100 hadi 120, na huungua zikichomekwa moja kwa moja bila kipunguza volti. Vigeuza umeme vya PlayStation 4, PlayStation 5 na laptopu karibu zote hukubali volti za nchi zote. Ni vyema kusoma maandishi yaliyo nyuma ya mashine kabla ya kuichomeka.

Matumizi ya umeme hutofautiana sana. PlayStation 2 nyembamba hutumia chini ya wati 50. PlayStation 5 hutumia takriban wati 200 wakati wa mchezo mzito, na kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya michoro inaweza kuzidi wati 300. Laptopu ya kawaida huwa na chaja ya wati 45 hadi 90.

Tofauti hiyo huonekana kwenye LUKU. Konsoli na televisheni zinazotumia jumla ya wati 250 kwa saa 4 kila siku hula uniti 1 kwa siku, yaani uniti 30 kwa mwezi. Kwa bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi D1 alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, bila kuhesabu kodi na tozo. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 ikiongeza uniti 30 za konsoli huvuka mpaka huo, na uniti 15 za juu hulipiwa mara tatu na nusu. Laptopu yenye chaja ya wati 65 ikitumika kwa muda uleule huongeza uniti zisizozidi 8. Banda la biashara, ambalo huwa katika kundi T1, lililipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo.

Kukatika kwa umeme ni jambo la pili. Laptopu huhamia kwenye betri na mchezaji hupata muda wa kuhifadhi alipofika. Konsoli na kompyuta ya mezani huzimika papo hapo. Zikizimika wakati diski inaandikwa, data inaweza kuharibika, na PlayStation 4 ikiwashwa tena humwonya mtumiaji kwamba haikuzimwa ipasavyo. Umeme unaporudi kwa nguvu isiyo sawa huweza kuunguza kigeuza umeme. Ndiyo maana wenye mabanda wengi hutumia stabilaiza, au huchomoa mashine mpaka umeme utulie.

Joto, vumbi na matengenezo

Maeneo ya chini ya Moshi huwa na joto na vumbi wakati wa kiangazi, tofauti na miteremko ya Marangu, Machame na Kibosho ambako hali ni ya ubaridi na unyevu. Konsoli na kompyuta zote hupozwa kwa feni inayovuta hewa, na vumbi likijaa feni hupiga kelele na mashine hujizima. Kitambaa kinachofunika konsoli ili isichafuke hakipaswi kubaki juu yake inapochezwa, kwa kuwa huziba njia za hewa.

Kinachokufa kwanza katika banda ni padi, kwa sababu ya vijiti na vitufe kutumika siku nzima. Hufuatiwa na kisomaji cha diski. Mafundi wa simu na redio huweza kubadilisha vitufe na kusafisha lenzi, lakini ubao mkuu wa konsoli ukiungua mara nyingi huhitaji kipuri kutoka mashine nyingine iliyokufa. Vipuri vya kompyuta ya mezani ni rahisi zaidi kupata, kwa kuwa RAM, diski na kigeuza umeme vya kampuni mbalimbali huweza kubadilishana nafasi. Wafanyabiashara wa Moshi hupata bidhaa za namna hii kutoka Kariakoo jijini Dar es Salaam, Arusha, na Kenya kupitia mpaka wa Holili na Taveta.

Upatikanaji wa michezo

Diski ina thamani ya pekee mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa bando. Inaweza kuazimwa, kubadilishwa na ya jirani, au kuuzwa ikishachosha. Mchezo uliopakuliwa hufungwa kwenye akaunti na hauwezi kuuzwa tena. Michezo mikubwa ya sasa huwa na gigabaiti 50 hadi 100 au zaidi, kiasi kinachomaliza mabando mengi ya kawaida, na hata diski za PlayStation 4 na 5 mara nyingi hufuatwa na masasisho ya gigabaiti kadhaa.

Kwa sababu hiyo tofauti ndogo katika jina la konsoli inaweza kumgharimu mnunuzi. PlayStation 5 Digital Edition na Xbox Series S ni nafuu kuliko ndugu zake, lakini haziji na kisomaji cha diski, na bila kisomaji hicho mchezo hupatikana kwa intaneti tu.

Ugumu mwingine ni akaunti. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, na watumiaji wengi hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, kisha hununua kadi za malipo za nchi hiyo. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta lililoanza mwaka 2003, hufanya kazi Tanzania na hulipiwa kwa kadi ya benki au kadi pepe. Hata hivyo kompyuta nayo haikuepuka kabisa tatizo hilo: mwezi Mei 2024 mchezo wa Helldivers 2 uliondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PlayStation Network, baada ya Sony kutaka wachezaji wote wa kompyuta wawe na akaunti hiyo. Sony iliacha sharti hilo siku chache baadaye.

Nakala zisizo halali zimekuwepo kwa mashine zote mbili, hasa PlayStation 2 zilizowekewa chipu ili zisome diski zilizonakiliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Zaidi ya sheria, faili lililovunjwa kufuli mara nyingi hubeba virusi, na konsoli iliyobadilishwa inaweza kufungiwa isicheze mtandaoni.

Sheria na malezi

Banda la gemu si sawa na nyumba ya mashine za kamari, ambazo mitaani huitwa dubwi. Michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na watu walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuicheza. Banda linalowaruhusu wachezaji kuwekeana dau huvuka mpaka huo, hata kama mashine yenyewe ni ya michezo ya kawaida.

Michezo huandikwa umri unaofaa kwa alama za ESRB (Marekani) au PEGI (Ulaya). Grand Theft Auto ina alama ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili yake ni mtu kushindwa kujizuia kwa muda mrefu hadi masomo, kazi au mahusiano yakaharibika.

Kwa mzazi, mashine ya nyumbani huonekana na muda wake unaweza kupangwa, ilhali bandani anayepanga muda ni mwenye biashara. Konsoli na kompyuta za sasa huwa na mipangilio ya wazazi inayoweza kuweka kikomo cha saa na umri.

Simu janja

Kwa vijana wengi uchaguzi wa tatu umekwisha kufanyika: simu. Dream League Soccer na eFootball huchezwa bure, na programu ya PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012, huiwezesha simu kucheza michezo ya konsoli ndogo ya PSP. Simu ina betri, haihitaji televisheni na tayari imo mfukoni. Haijaliua banda, kwa kuwa kukaa bega kwa bega na mpinzani huku wengine wakishangilia ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Mambo yanayoamua uchaguzi

Kwa muhtasari, konsoli yenye kisomaji cha diski humfaa anayetaka kuendesha banda, au kucheza na wenzake mbele ya skrini moja bila kutegemea intaneti. Laptopu humfaa anayeweza kununua mashine moja tu na anayehitaji pia kusoma au kufanya kazi, ilimradi akubali michezo ya zamani au alipie kadi ya michoro mapema. Kompyuta ya mezani humfaa mwenye umeme wa uhakika, anayetaka kujifunza kuitengeneza na kuikuza kidogo kidogo. Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Televisheni, padi, LUKU, bando na fundi hulipwa baada ya mashine kufika nyumbani.

Tazama pia

Mchezo wa video
PlayStation
Kompyuta
Moshi (mji)
Pasua